Jina la Nani Linaandikwa Kwenye Daftari la Michango

Kwa miaka mingi sasa mimi ndiye mweka hazina wa michango mtaani kwetu Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Ukitokea msiba naitwa. Vikao vya harusi vikianza naitwa, na shule ikitaka kumalizia boma la darasa kwa nguvu za wananchi naitwa vilevile. Kazi hii haina mshahara, ila inakupa nafasi ya kuona fedha za watu zinavyotembea: nani anaahidi, nani analipa, nani analipa bila kuahidi. Na nimeona jambo moja ambalo nalisema bila kusita. Wanawake wa mtaa huu wanatoa kuliko inavyojulikana, na kinachowafanya wasijulikane ni namna tunavyoandika. Anayetaka kujua nani mtoaji zaidi, mwanamume au mwanamke, aulize kwanza daftari limewekwa wapi.

Chukua msiba. Aliyezoea misiba ya Dar anaujua mpangilio wake. Turubai linafungwa, viti vya plastiki vinaletwa, wanaume wanakaa nje. Wanawake wako ndani kwenye mikeka, au nyuma ya nyumba penye mafiga na masufuria makubwa. Meza ya rambirambi huwekwa nje, upande wa wanaume, karibu na njia, ili kila anayefika aione. Mwanamume akifika anatoa mkono wa pole, anatoa noti yake, jina linaandikwa, anatafuta kiti. Mwanamke hapiti pale. Anaingia moja kwa moja ndani kwa wafiwa, na pole yake imebeba vitu: sukari, mchele, majani ya chai, mkaa kwenye kiroba, ndoo ya maji kama yamekatika. Hela yake ameifunga kwenye pindo la kanga. Atamshikisha mkononi mama mkubwa wa marehemu, au ataiweka kwenye sahani iliyo katikati ya mkeka. Hakuna anayeandika. Jioni msimamizi anasimama kusoma mapato na matumizi, na anachosoma ni kile kilichomo kwenye daftari la mezani. Kwa hesabu hiyo wanaume ndio waliogharamia msiba, na wanawake wanashukuriwa kwa kusaidia kupika.

Aliyelifumbua hili ni mama mmoja muuza vitumbua. Nilimwamkia msibani, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza: "Mwanangu, ile sahani yetu mnaihesabu wapi?" Nikamweleza kwamba hela za sahani huwa zinaishia jikoni, zinanunua mafuta na vitunguu. Akasema, "Basi mwandikaji akae jikoni."

Tukaweka daftari la pili, ndani kwa wanawake, akalishika binti wake aliyemaliza kidato cha nne. Lina safu ya fedha, safu ya vitu na safu ya kazi. Vitu tunavikadiria kwa bei ya duka la karibu siku ile. Mara ya kwanza kujumlisha hivyo, daftari la ndani lilikaribiana sana na la nje, na hapo kazi yenyewe haijatiwa bei: kuamka alfajiri kuosha masufuria, kulala msibani na wafiwa usiku wa matanga, kuwaogesha na kuwalisha watoto wa marehemu. Wazee wa kamati walilikagua ukurasa kwa ukurasa. Mmoja akauliza kama kubeba maji nako ni mchango. Mwenzake akamjibu kwamba yale maji wangeyanunua kwa mwenye boza, na bei yake anaijua.

Daftari hilo lilionyesha pia tofauti ya mwendo. Mwanamume hutoa mara moja, noti moja, jina moja, amemaliza. Mwanamke anarudi. Leo sukari, kesho elfu mbili, keshokutwa anakuja kuosha vyombo, na ikifika arobaini yumo tena. Daftari la zamani lilikuwa na mstari mmoja kwa kila mtu, na utoaji wa namna hii haukuwa na mahali pa kukaa.

Kwenye harusi mambo yanafichika kwa njia nyingine. Kadi ya mchango ina kima cha mtu mmoja na kima cha wawili, ile tunayoiita dabo. Baba anasimama kikaoni, anaahidi dabo, anapigiwa makofi, na kwenye daftari linaingia jina lake au "Bwana na Bibi" likifuatiwa na jina lake yeye. Wiki zinapita. Hela zinaanza kuingia kwenye simu yangu vipande vipande, elfu kumi, elfu tano, elfu kumi tena. Ujumbe unaonyesha jina la mume kwa sababu laini imesajiliwa kwa jina lake. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipofungwa Januari 2020, wanawake wengi wa huku kwetu walikuwa hawajapata namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, hivyo laini zao zikasajiliwa na mume, kaka au mtoto wa kiume, na wengine hawajabadilisha mpaka leo. Nikipiga kuthibitisha, anayepokea ni mke. "Shemeji, hii elfu kumi nimuandike nani?" Ananijibu kwamba hela ni ya kwake, ya mauzo ya genge, lakini niandike baba watoto kwa kuwa ahadi ni yake. Ahadi moja kama hiyo inaweza kumaliziwa yote na genge la nyanya, na siku ya sherehe anayetajwa kwenye kipaza sauti ni mzee.

Sheria haimlazimishi mwanamke ajifiche nyuma ya jina hilo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuitumia atakavyo. Kwa Waislamu wa mtaa wetu, ambao ni wengi, jambo hili lina msingi wa zamani zaidi: mali ya mke ni yake, na zaka ya mali hiyo inamdai yeye mwenyewe. Kuna hadithi mashuhuri ya Zainab, mke wa Abdullah bin Mas'ud, aliyetaka kujua kama itafaa sadaka yake aitoe kwa mumewe na mayatima waliokuwa chini ya malezi yake. Jibu la Mtume lilikuwa kwamba ana thawabu mbili, ya udugu na ya sadaka. Mke anatoa, mume anapokea, na hakuna aliyeona ajabu.

Nimesoma kidogo juu ya wenzetu wa mbali kuhusu suala hili, na kilichonishangaza ni kwamba wao pia wamekwama penye nyumba ya mke na mume. Marekani, Chuo Kikuu cha Indiana kina taasisi inayochunguza utoaji wa wanawake. Watafiti wake waliona kwamba ukiiuliza kaya ya wanandoa imetoa kiasi gani, unapata jibu moja na huwezi kujua uamuzi ulikuwa wa nani. Njia waliyotumia ni kulinganisha kaya za wanawake wasio na mwenza na za wanaume wasio na mwenza, kwa kipato kinachofanana. Ripoti yao ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba karibu katika kila ngazi ya kipato, kaya inayoongozwa na mwanamke ina uwezekano mkubwa zaidi wa kutoa kuliko inayoongozwa na mwanamume. Huko kwenye benki na kodi na kompyuta, bado ilibidi wamtoe mwanamke kwenye ndoa ndipo mchango wake uonekane.

Wapo waliojaribu kwa njia ya majaribio. Catherine Eckel na Philip Grossman walichapisha mwaka 1998 utafiti ambamo mtu anapewa fedha na kuulizwa atamgawia kiasi gani mtu asiyemjua, huku hakuna atakayejua nani ametoa nini, hata mtafiti mwenyewe. Wanawake walitoa karibu mara mbili ya wanaume. Kisha mwaka 2001 James Andreoni na Lise Vesterlund wakafanya kitu ambacho mimi nakipenda zaidi: walibadilisha gharama ya kutoa. Pale shilingi unayoachia inapomfikia mwenzako ikiwa pungufu, wanawake walikuwa wakarimu zaidi. Pale unapoachia kidogo naye akapata kingi, wanaume ndio waliowazidi. Wanawake walielekea kugawana sawa kwa sawa hata mazingira yakibadilika, wanaume wakayumba na bei.

Naupenda utafiti huo kwa sababu unamnyamazisha anayesema wanawake wana huruma ya kuzaliwa nayo. Sifa hiyo inawaumiza. Ukishasema mwanamke ni mwenye huruma kwa asili, hutamshukuru, hutamuandika, na siku akikosa utasema ana roho mbaya. Nilichokiona hapa kwetu kinafanana na majaribio yale. Akija mfadhili akasema kila shilingi mtakayochanga naye ataongeza nyingine, wanaume wanajitokeza kwa wingi na viwango vikubwa. Akiwepo mgeni rasmi, wanaume wanapanda dau. Kunapokuwa na mgonjwa wa muda mrefu kwenye chumba cha kupanga, asiye na ndugu, ambaye msaada wake hauna mwisho wala makofi, wanaobaki kwenye orodha ya kupeleka uji ni wanawake. Ni wao wanaojua ni nyumba gani jiko halijawashwa tangu jana, kwa sababu ndio wanaokwenda kuomba moto na chumvi. Anayeishi karibu na shida huwa hana pa kuikwepa.

Upo upande mchungu wa jambo hili, na ningekuwa sitendei haki wanawake hawa nikiuruka. Baadhi ya michango ninayoipokea imetoka kwenye mikopo ya kausha damu. Mwanamke anachukua mkopo wa riba ya kikatili asubuhi ili jioni asikose kwenye sare ya harusi, kwenye kumtunza bibi harusi, kwenye mchango wa shoga aliyejifungua. Asipotoa atasutwa, na siku yake ikifika hatapata mtu. Wiki inayofuata wakusanya marejesho wanabeba godoro lake. Mwanamume asiyetoa anaambiwa ana hali ngumu. Mwanamke asiyetoa anaambiwa hajui watu. Ndiyo maana kwenye kamati zetu nimekuwa mkali: sare isiwe sharti la kuhudhuria, na mchango wowote upokelewe, hata kama ni elfu moja, bila kutangaza kiwango cha chini kwenye kundi la WhatsApp. Nimegombana na watu kwa ajili hiyo na nitaendelea kugombana nao.

Mahali ambapo utoaji wa wanawake umepata mpangilio wake wenyewe ni kwenye vikoba, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Kikoba cha kwetu kinakutana kila wiki uani kwa mwenyekiti. Sanduku la chuma lina makufuli matatu, na funguo ziko kwa wanachama watatu tofauti ambao hawatoki nyumba moja. Likifunguliwa, kwanza inahesabiwa fedha ya wiki iliyopita kwa sauti, kila mtu akisikia. Kisha zinanunuliwa hisa. Pembeni, kwenye kimfuko chake cha kitambaa, unaingia mfuko wa jamii, ambao kila mmoja anatoa kiasi kilekile, mwenye hisa nyingi na mwenye hisa moja. Mfuko huo haukopeshwi kwa riba. Ni wa kuugua, kufiwa, kuunguliwa. Mfumo huu ulianza Niger mwaka 1991 kwa shirika la CARE na vikundi vya wanawake vilivyoitwa Mata Masu Dubara, ukasambaa Afrika nzima, lakini bibi zetu walikuwa na upatu kabla ya hapo, kwa hiyo haukuhitaji kuelezwa mara mbili.

Watu husema mfuko wa jamii ni wa kusaidiana wenyewe kwa wenyewe na hauwezi kuitwa utoaji. Sikubaliani nao. Kiasi kinachotolewa ni sawa kwa wote, na anayepokea mara nyingi ni yule mwenye hisa moja, ambaye hatawahi kurudisha kilicholingana. Mfuko huo umewahi kumlipia nauli na vifaa vya kujifungulia binti ambaye hakuwa mwanachama wala ndugu wa mwanachama. Alikuwa mpangaji mgeni, mimba ya miezi tisa, aliyemleta mjini amezima simu. Walijadiliana kwa dakika chache tu. Mshika ufunguo wa tatu alikuwa sokoni, akafuatwa na bodaboda.

Jirani zetu Kenya wana historia inayoonyesha hili kwa ukubwa. Harambee iliyotangazwa na Jomo Kenyatta mwaka 1963 inakumbukwa kwa wanasiasa na bahasha zao jukwaani, mpaka mwaka 2003 sheria ya maadili ikawazuia watumishi wa umma kutumia vyeo vyao kukusanya michango ya namna hiyo. Lakini katika miaka ileile ya mwanzo ya uhuru, Mkoa wa Kati, wanawake walikuwa na vikundi vya mabati. Walichanga kidogo kidogo, wakaezeka nyumba ya mwenzao mmoja, kisha ya mwingine, mpaka nyasi zikaondoka kwa wote, ndipo wakahamia kwenye matangi ya maji. Kwenye miradi ya harambee yenyewe, shule na zahanati, waliobeba mawe, mchanga na maji walikuwa wao kwa sehemu kubwa.

Tofauti ya mwisho, na kwangu ndiyo kubwa, inahusu hela inakwenda kufanya nini. Shule yetu ya msingi ilikuwa na fedha kiasi na kamati ilikuwa imekaa ikapendekeza uzio. Kikao kilikuwa cha jioni, saa ambayo mama wa huku yuko jikoni au bado yuko kwenye daladala na beseni lake. Niliomba swali hilohilo lipelekwe kwenye vikoba, siku zao, uani kwao. Hakuna kikundi kilichosema uzio. Wote walisema vyoo. Matundu ya wasichana yalikuwa machache mno, na hapakuwa na chumba cha kubadilishia taulo za kike, kwa hiyo mabinti wakubwa walikuwa wanabaki nyumbani siku zao za hedhi. Baba zao hawakuwa wakilijua hilo. Nani angewaambia?

Uzio ukasubiri. Wanawake walichanga kwa shilingi mia tano za kila wiki kupitia vikundi vyao. Wanaume walitoa vilivyo vyao, na niwape haki yao: mwenye lori alimwaga tripu za mchanga bila kutaka atajwe, mafundi wawili walipiga tofali kwa siku zao za mapumziko. Chumba kilipokamilika, wanawake walikwenda kukikagua kabla ya makabidhiano. Fundi alikuwa ameweka komeo nje ya mlango. Wakakataa kupokea. Komeo liwe ndani, na liwe chini, ili mtoto wa darasa la nne alifikie. Wakataka msumari wa kutundikia begi, na ndoo yenye koki badala ya ndoo ya kuchota. Mambo hayo hayakuwa kwenye mchoro wowote. Yalikuwa kwenye vichwa vya waliolipa, na kwa kuwa walilipa wao, wakajulikana wamelipa, walisikilizwa.

Ndiyo maana nafuatilia habari za mifuko ambayo wanawake wa Afrika wameianzisha wenyewe wakashika na usukani. Ule wa Accra, Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake wa Afrika, ulianzishwa mwaka 2000 na wanawake watatu: Bisi Adeleye-Fayemi wa Nigeria, Joana Foster wa Ghana na Hilda Tadria wa Uganda. Ukubwa wake haulinganishwi na sahani ya mkekani, lakini hoja ni ileile: anayetoa awe na sauti juu ya komeo linakaa upande gani.

Sasa tuna mgogoro ambao haujaisha. Baada ya vyoo, kamati ilitaka majina ya wanawake waliochangia yabandikwe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na kusomwa mkutanoni, wapate heshima yao. Mimi niliunga mkono. Wanawake wenyewe wakanifuata mmoja mmoja kunizuia. Mama wa genge alinieleza vizuri: "Shemeji, baba watoto akijua nina elfu ishirini ya kutoa, kesho haachi hela ya matumizi." Mwingine alisema mawifi zake wangekuja kukopa siku hiyohiyo. Kwao, kutokuandikwa kulikuwa ni aibu kwenye msiba na ni ngao nyumbani kwao, vyote kwa pamoja.

Tumekubaliana kwa muda kwamba mkutanoni zisomwe jumla mbili, ya wanawake na ya wanaume, bila majina. Baadhi ya wanaume wamelalamika kwamba ni ubaguzi, kwa sababu jumla yao ya mwisho haikuwapendeza. Yule mwenye lori alisema kwake ni sawa kabisa. Daftari jipya lina safu ya mwisho ambayo mtoaji anaijaza mwenyewe, asomwe au asisomwe. Wanawake wengi walioolewa wanaandika wasisomwe. Mabinti wanaojitegemea, wa saluni na wa viwandani, wanaandika wasomwe, na wanataka majina yote matatu.